Mdomo ulipokwenda upande

Nilikuwa nasukutua asubuhi, maji yakanichuruzika pembeni mwa mdomo hadi kwenye shati. Nikasingizia usingizi. Kioo kikanikatalia: jicho la kushoto halifumbi, mdomo umevutwa kulia. Mama mkwe akasema ni upepo mbaya, jirani akasema kiharusi. Mimi nilishindwa hata kubisha, kwa sababu kila nikitamka P inatoka pumzi tupu.

Daktari alianza na jambo dogo: "Inua nyusi." Ukainuka mmoja. Paji la uso upande wa kushoto lilibaki laini kama la mtoto, naye akaonekana kupumua. Sehemu ya juu ya uso hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, kwa hiyo kiharusi mara nyingi huangusha mdomo na kuliacha paji likikunjika. Paji nalo likilala, mashaka huhamia kwenye neva ya uso yenyewe, yaani uzi unaopeleka amri hizo kwenye misuli. Hata hivyo usijipime kwa kioo ukabaki nyumbani. Vipo viharusi visivyofuata kanuni hiyo, na mkono au mguu ukilegea, au maneno yakikuchanganya, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Neva ya uso ni ya 7 kati ya jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo. Inapita ndani ya mfupa wa nyuma ya sikio, kwenye mfereji mwembamba sana, na hapo ndipo balaa lilipo: ikivimba haina pa kutanukia, inajibana yenyewe. Ikitoka chini ya sikio inapenya tezi ya mate ya shavuni (haiihudumii hata kidogo, inapita njia tu), kisha inagawanyika matawi matano, kuanzia kwenye paji hadi shingoni.

Kumbe njiani ina vibarua vingine. Inatuma uzi kwenye kimsuli cha ndani ya sikio kinachopunguza kishindo cha sauti; ndiyo maana honi za bodaboda zilinipasua kichwa wiki ile. Inabeba ladha ya theluthi mbili za mbele za ulimi, ndiyo maana chai yangu ilikuwa maji moto. Lakini ukinigusa shavu nilihisi, na kutafuna niliweza, kwani kazi hizo ni za neva nyingine. Tatizo ni kwamba chakula kilijazana shavuni, nikawa nakitoa kwa kidole.

Wanauita ugonjwa wa Bell, kwa jina la Charles Bell, tabibu wa Uskoti aliyeielezea neva hii mwaka 1821. Nilipewa prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe. Dawa hii hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72, basi siku mbili za kuchuliwa mafuta kwanza ni siku mbili zilizopotea. Jicho ndilo nililolilinda kuliko vyote: matone mchana, malhamu usiku, kisha kope nalifunga kwa plasta. Jicho lisilofumba hukauka, na kioo chake kikichubuka unaweza kupoteza uwezo wa kuona kwa ugonjwa ambao wengi hupona.

Wiki ya tatu nyusi ikatikisika. Miezi minne baadaye niliweza kupiga mluzi. Ila nyuzi za neva zilipoota upya, chache zilipotea njia: nikitabasamu, jicho la kushoto linajifinya. Mwanangu anadhani namkonyeza, naye hunikonyeza.