Pikapu oto inachelewa kushika gia ikipata moto
Mkuu, umesema Hilux yako ya zamani asubuhi iko poa ila ikikaa foleni ya Mbagala ukiweka D (gia ya kwenda mbele) inachelewa kushika, injini inanguruma gari haiendi. Kabla hujakimbilia gia boksi ya mtumba pima kwanza oili ya gia boksi uliyonayo, gari iwe imeshapata moto, iko tambarare, injini inawaka, pitisha gia zote urudi P (ya kupaki) ndo uchomoe stiki ya gia boksi, maana wengi wanapima imezimwa wanadanganyika. Nyekundu ila imepungua, tafuta inapovuja. Nyeusi na inanuka kuungua, klachi za ndani zinaisha, hapo jiandae kifedha tu. Ikiwa pinki kama maziwa maji ya rejeta yameingia, paki kabisa usiiwashe.

Halafu kuna kebo inatoka kwenye throto (mlango wa hewa ya injini unaofuata pedeli ya mafuta) kwenda gia boksi (kama yako inayo), ikilegea presha ya oili ya gia boksi inashuka na gia zinabadilika mapema, kuikaza ni kazi ndogo sana ila mafundi wengi hata hawaiangalii, wanakuambia tushushe gia boksi. Taa ya O/D OFF (ya gia ya overdrive, kwenye dashibodi) ikiblinki yenyewe kuna kodi ya hitilafu kwenye kompyuta ya gari, isomwe kwanza.