Ithibati ya programu na usajili wa mhandisi

Mdogo wangu, umeuliza kama digrii ya uhandisi ujenzi kutoka chuo kinachotambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inatosha kukufanya mhandisi. Haitoshi. TCU hutoa ithibati, yaani uthibitisho rasmi wa ubora, kwa chuo na huidhinisha programu zake, yaani kozi za digrii, lakini usajili wa mhandisi uko mikononi mwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), kwa mujibu wa Sheria Na. 15 ya mwaka 1997. Kwa hiyo, kabla mzazi hajalipa ada, ulizeni habari za programu yenyewe, kwani jina kubwa la chuo halithibitishi kila digrii inayofundishwa humo.

Ukihitimu, utaanza kama mhandisi mhitimu, kisha utafanya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa, kwa kawaida miaka mitatu, huku ukiandika kila ulichokifanya. Hapa Tanga namwongoza kijana ambaye juzi aliniletea daftari lililoandikwa "tumemwaga zege" na basi. Nikamrudishia aeleze uwiano wa saruji, mchanga na kokoto, kiasi cha maji, na kwa nini vilichaguliwa hivyo, maana hayo ndiyo yanayoonyesha kwamba anafikiri kihandisi.

Kuhusu kufanya kazi nje, Mkataba wa Washington wa 1989 unahusu kutambuana kwa programu zilizopewa ithibati na taasisi wanachama. Haumpi mtu leseni, hivyo nchi utakayokwenda bado itakudai usajili wake.