Usikubali Kuambiwa "Ndivyo Walivyo"

Nesi alikikunjua kiganja cha binti yangu, akanionyesha mstari mmoja tu uliokikata kutoka upande hadi upande. "Mama Neema, huyu tutampima zaidi." Ndivyo sindromu ya Down ilivyoingia kwetu Bondeni, hapa Nakuru. Mama mkwe akaanza kuuchambua ukoo wangu mtu kwa mtu. Kazi bure. Hali hii huja pale kromosomu ya 21, mojawapo ya nyuzi zinazobeba urithi mwilini, inapozidi moja, na mara nyingi sana haikurithiwa kwa yeyote.

Hayo niliyameza. Yaliyonikaa kooni ni maneno mawili: ndivyo walivyo.

Akinyonya, Neema alitokwa jasho kipajini kama mtu anayelima mchana. Ananyonya kidogo, anaachia, anahema, usingizi unamchukua. Nililieleza hilo kwenye kliniki moja, nikajibiwa ndivyo walivyo, misuli yao ni legevu. Ni kweli, ni legevu. Lakini karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, na jasho lile lilikuwa dalili. Alipigwa picha ya moyo, ile wanayoiita eko, akiwa na miezi 5, na tundu likaonekana. Miezi 5 mizima! Wewe uliyejifungua juzi, iulizie eko mapema, hata kama daktari ameweka chombo kifuani na kusema hasikii kitu.

Baadaye ikawa masikio. Ukimwita hageuki. Wao huchelewa, nikaambiwa. Kumbe maji yalikuwa yamejaa nyuma ya ngoma ya sikio. Kisha kuna tezi ya shingo: ikizembea, mtoto hupoa na kufunga choo, na ni rahisi kudhani ni tabia yake. Damu yake ipimwe kila mwaka.

Kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu ifuatilie akiwa bado mdogo. Foleni ya kutathminiwa hospitalini ni ndefu, beba uji.

Neema sasa ana miaka 6, na anayempeleka shule ni mama mkwe yuyo huyo. Majuzi alinipigia nikiwa Soko la Wakulima, napanga sukuma.

"Mama Neema, mtoto hajaenda choo siku ya tatu leo, na amepoa sana. Tungoje, au ndiyo ile tezi?"

Nikamwachia jirani meza, nikatafuta boda.