Maswali ya Wasomaji: Protoni, Kibofu Kilichojaa na Shamba la Minazi

Toleo lililopita tuliitaja mionzi ya protoni, tiba ya saratani kama ya tezi dume, kwa mistari miwili tu, na tangu hapo barua kutoka Tanga na wilaya zake hazijakoma. Tumechagua chache na kuondoa majina. Majibu yametolewa na wataalamu wetu wa tiba ya mionzi na wa mfumo wa mkojo.

SWALI: Shikamooni madaktari. Baba yetu ana miaka 68. Kapimwa kinyama, kakutwa na saratani ya tezi dume, Gleason 3+4 (alama ya ukali wa saratani), PSA 11 (kipimo cha damu cha tezi dume), haijatoka nje ya tezi. Kaka yetu aliyeko Muscat anasema tumpeleke India akapigwe protoni, eti haiunguzi utumbo kwa kuwa ikifika kwenye tezi inasimama. Tuna shamba la minazi Pongwe. Tukiliuza, safari inawezekana. Tuuze? — *Wanawe, Ngamiani*

JIBU: Marahaba. Msiuze kwanza.

Kaka yenu kasema kweli, ila kaisema nusu. Mionzi ya eksirei hupenya mwili na kutokea upande wa pili, ikiacha nguvu yake kila ilikopita. Protoni huingia, hupungua mwendo, humwaga sehemu kubwa ya nguvu yake kwenye milimita chache za mwisho, kisha husimama. Ndiyo sababu mwanafizikia Robert Wilson alipendekeza mwaka 1946 itumike kwa tiba, na Loma Linda, California, wakafungua kituo cha kwanza ndani ya hospitali mwaka 1990.

Sasa jiulizeni: kama inasimama, mbona mgonjwa wa tezi dume hapigwi kwa mbele, protoni ikasimama kabla ya kugusa puru, mwisho wa utumbo mpana ulio nyuma ya tezi? Hakuna anayethubutu. Kompyuta ikikadiria mahali protoni itakaposimama, hubaki na shaka ya kama asilimia 3 na nusu ya kina chote. Kwenye kina cha tezi, hiyo ni milimita kadhaa, na ukuta wa puru umegusana na tezi. Kosa dogo tu, dozi nzima inamwagika kwenye puru. Kwa hiyo wagonjwa wengi hupigwa kwa ubavuni, kupitia nyonga ya kulia na ya kushoto, ili shaka hiyo iangukie kwenye mfupa na msuli. Faida iliyopo ni kwamba kibofu na sehemu ya nyuma ya puru hupata mionzi midogo zaidi. Ukuta wa mbele wa puru, uliobanana na tezi, hupata dozi inayokaribia kamili kwa mashine yoyote ile, na huo ndio unaokuja kutoa damu baadaye.

Marekani wamelinganisha. Utafiti uitwao PARTIQoL uligawa wanaume 450 kwa bahati nasibu, wengine protoni, wengine eksirei iliyopangwa kwa IMRT, yaani miale inayofinyangwa ifuate umbo la tezi. Matokeo yalitangazwa 2024: baada ya miaka miwili hali ya haja kubwa haikutofautiana, na baada ya miaka mitano saratani ilikuwa imedhibitiwa kwa zaidi ya asilimia 93 pande zote mbili. Hii haisemi protoni ni mbaya. Inasema tu kwamba kwa ugonjwa wa baba yenu si ya kuuzia shamba.

Tena muda mnao. Uingereza wamewafuatilia wanaume 1,643 wenye saratani iliyokuwa bado ndani ya tezi. Baada ya miaka 15, waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa kama 3 kwa kila 100, awe alipasuliwa, alipigwa mionzi au alifuatiliwa tu. Wiki chache za kutafakari hazimdhuru mzee.

Chukueni rufaa Hospitali ya Bombo, mwende Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ambako LINAC, mashine za kupigia eksirei, zinafanya kazi tangu 2018. Ulizeni kama mpango wake utakuwa wa IMRT, kama watahakiki mahali tezi ilipo kila siku kabla ya kuwasha mashine, jumla ya dozi ni ngapi na kwa siku ngapi. Siku hizi mpango wa Gy 60 (Gy ni kizio cha dozi ya mionzi) kwa mara 20 unakubalika duniani. Hiyo ni wiki nne, Jumatatu hadi Ijumaa. Mpango wa zamani wa mara 39 na kuendelea unakula wiki nane, na kodi ya chumba Dar es Salaam mnaijua.

Mkishaamua India hata hivyo, kituo cha Apollo kilichoko Chennai kinatoa protoni tangu 2019. Msikubali bei ya "matibabu" kwa jumla. Iandikwe kama ndani yake mna MRI, CT ya kupangia (picha inayotumika kupanga mionzi), punje za dhahabu za kuonyeshea tezi, jeli ya kutenganisha tezi na puru, sindano za homoni na kipimo cha PSA cha kwanza baada ya kumaliza. Ongezeni siku 7 hadi 14 za maandalizi kabla ya dozi ya kwanza. Madalali wa safari za matibabu huzisahau siku hizo kila mara.

SWALI: Niko Dar es Salaam napigwa mionzi ya LINAC. Mara mbili nimeshushwa mezani bila kupigwa. Mara ya kwanza niliambiwa nina gesi, mara ya pili kibofu hakijajaa. Maji nakunywa. Kosa liko wapi? — *Mzee wa Chumbageni*

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Waliokushusha wamekutendea wema. Tezi dume iko chini ya kibofu na mbele ya puru. Puru ikijaa gesi huisukuma tezi milimita kadhaa, pengine sentimita nzima, na ukingo wa usalama unaoachwa kuizunguka huwa milimita 5 hadi 7 tu. Wangewasha, wangepiga pembeni. Kibofu kikiwa kitupu, utumbo mwembamba hushuka na kuingia kwenye njia ya mionzi.

Kuhusu maji, kinachowaponza wengi ni saa. Mtu anakunywa akiwa kwenye daladala, foleni inamchelewesha, anafika kibofu kinataka kupasuka. Anajisaidia, anaanza upya, na sasa amechelewa. Beba chupa ya nusu lita, usiifungue. Ukifika, muulize mtaalamu wa mashine kama foleni inakwenda. Akikuambia anza, nenda msalani umalize mkojo wote, tazama saa, kunywa nusu lita yote ndani ya dakika 10, kaa dakika 45 bila kwenda haja. Vituo vingine hutaka chini ya hapo. Fuata kiwango ulichonywa siku ya CT ya kupangia, maana picha ile ndiyo kipimo cha siku zote zitakazofuata. Usiamke na kiu pia. Mwili uliokauka huyachukua maji kwanza, na kibofu hupata makombo. Glasi mbili saa mbili kabla ya kwenda zinasaidia.

Kuhusu gesi, mzee wetu, utatuchukia: mbaazi za nazi za asubuhi ziache hadi umalize. Vivyo hivyo maharage, kunde, kabichi, vitunguu vibichi na soda. Maziwa ni fahari ya Tanga, lakini watu wazima wengi matumbo yao hayayasagi vizuri. Jaribu siku mbili bila maziwa uone. Wali, samaki wa mchuzi mwepesi, viazi na ndizi mbivu havina ugomvi. Bigijii na sigara humezesha hewa. Choo kitoke kila asubuhi kabla ya kuondoka. Kikiwa kigumu, omba dawa ya kulainisha mapema, usisubiri siku ya tatu. Kutembea dakika 15 baada ya kula hutoa gesi kuliko vidonge vingi.

Kuanzia wiki ya pili au ya tatu kibofu huwashwa na mionzi, na dakika 45 hazivumiliki tena. Utaamka usiku mara nne, mkojo utachoma na kutoka kwa kusuasua. Hapo wengi huenda kujisaidia kimyakimya kisha hulala mezani kana kwamba hakuna kitu. Usifanye hivyo. Sema, wakupunguzie maji na kuangalia upya picha, na daktari akupe tamsulosin, kidonge kimoja cha usiku. Ukiinuka kitandani, inuka taratibu, kwani dawa hiyo hushusha presha. Kahawa chungu ya barazani nayo ipumzishe.

SWALI: Nimepangiwa kuanza mionzi karibu na Ramadhani. Nitafunga vipi na maji ya kibofu? — *Msomaji, Makorora*

JIBU: Lifikishe suala hili kabla ya CT ya kupangia. Ukipigwa picha kibofu kina nusu lita, kisha ukaja na kibofu cha mfungaji, mpango wako hauna kazi. Kama kituo kina zamu ya usiku, omba ya baada ya futari. Vituo vingine hukubali kupanga kwa kibofu kitupu, mradi kiwe kitupu kila siku. Kama tayari uko kwenye sindano za homoni, kusogeza tarehe kwa mwezi mara nyingi hakuna madhara, lakini aamue daktari. Na aya ya 184 ya Suratul Baqarah imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Kama sindano na bomba la kusafisha tumbo vinafunguza, muulize sheikh wako. Sisi tunajibu upande wa kibofu.

SWALI: Nina nyonga ya chuma upande wa kushoto. Naweza kupigwa protoni? — *Msomaji, Korogwe*

JIBU: Si kwa njia ya kawaida. Chuma huichafua picha ya CT kwa mistari mieupe na myeusi, kompyuta ikashindwa kujua protoni itasimama wapi. Wengine hupiga upande mmoja tu au kwa pembe za mshazari, lakini kwa mtu wa hali yako eksirei za LINAC zinazozunguka mwili ni salama zaidi. Mwambie daktari mapema, hata kama kovu linaonekana.

SWALI: Mume wangu amerudi kutoka kupigwa mionzi. Majirani wananikataza kulala naye chumba kimoja na kumpa wajukuu, ati ataambukiza mionzi. Na nguvu zake hazipo kabisa. — *Mke wa mgonjwa, Pangani*

JIBU: Pole mama yetu. Majirani wasikutishe. Mionzi ya kutoka nje ya mwili, eksirei au protoni, haibaki kwa mgonjwa. Protoni huamsha chembe kidogo mno mwilini, na nyingi huisha ndani ya dakika chache. Mgonjwa akifika nyumbani hakuna kitu. Mpe wajukuu awabebe. Tahadhari ni kwa waliowekewa punje zenye mionzi ndani ya tezi na kuachwa nazo, na hiyo ni tiba nyingine. Punje za dhahabu za kuonyeshea tezi hazina mionzi.

Kuhusu nguvu, tafuta kwanza kama alichomwa sindano ya goserelin. Hiyo huzima homoni ya kiume, hivyo hata hamu huondoka, na huja joto la ghafla na jasho usiku. Hamu hurudi miezi kadhaa baada ya dawa kuisha mwilini, kwa wazee pengine mwaka. Mionzi yenyewe hupunguza nguvu polepole, katika miaka miwili hadi mitano. Sildenafil huwasaidia wengi, ila kamwe asiichanganye na dawa za nitrati za moyo. Shahawa zitapungua au kukauka. Hilo ni la kawaida.

SWALI: Mwaka na nusu baada ya mionzi PSA yangu imepanda kutoka 0.6 hadi 1.3. Imerudi? — *Msomaji, Lushoto*

JIBU: Bado hatuwezi kusema hivyo. Kupanda kidogo kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu kisha kushuka chenyewe hutokea kwa wengi. Kipimo kinachotumika ni kiwango chako cha chini kabisa kuongeza 2, yaani kwako 2.6. Rudia baada ya miezi mitatu, maabara ileile, usiwe na maambukizi ya mkojo, na usitoe shahawa siku mbili kabla.

SWALI: Nilitibiwa kwa protoni nje ya nchi mwaka jana. Sasa naona damu nyekundu kwenye choo, na mkojo nao ulikuwa na damu wiki iliyopita. Nifanye nini? — *Msomaji, Muheza*

JIBU: Damu ya choo inayoanza kati ya miezi 6 na miaka 2 baada ya mionzi mara nyingi hutoka kwenye vimishipa dhaifu vya ukuta wa mbele wa puru. Mara nyingi kulainisha choo kunatosha. Ikizidi, kuna sucralfate inayoingizwa kwa nyuma, na kuna kuvichoma vimishipa hivyo kwa gesi ya argoni. Kuchunguzwa kwa kamera ni sawa, na kunahitajika ili isije ikawa saratani ya utumbo. Hatari iko kwenye kinyama. Daktari asiyejua historia yako akiona wekundu ule atataka kuchukua kipande, na kwenye ukuta uliopigwa mionzi kidonda hicho huweza kukataa kupona, kikatoboka hadi kwenye njia ya mkojo. Mwambie kabla hujalala kitandani: "Nimepigwa mionzi ya tezi dume, ukuta wa mbele usikatwe bila kuwasiliana na daktari wa mionzi."

Damu ya mkojo usiipachike kwa protoni moja kwa moja. Mkoa wetu una kichocho, na kipimo chake ni rahisi: mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndipo mayai hutoka kwa wingi. Kikiwa hakipo, kibofu nacho kitazamwe kwa kamera.

Na kama kituo hakikukupa muhtasari wa tiba, wadai kwa barua pepe wiki hii: jumla ya dozi kwa Gy, idadi ya mara, tarehe ya kuanza na kumaliza, pembe zilizotumika, jeli iliwekwa au la, pamoja na diski ya picha. Toa nakala mbili, moja ikae kwenye faili lako hospitalini.