Fungua boneti, nusa, ndipo uwashe

Ilikuwa asubuhi ya Julai pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, baridi ya kuuma vidole. Kitabu changu cha kurekodi safari kilikuwa na saa 11 tu za kuruka, na ndege ndogo ya Cessna 172 niliyopewa ilikuwa imelala nje usiku kucha. Injini ikakataa kuwaka. Nikavuta praima, pampu ya mkono ya kuipa injini petroli kabla ya kuwashwa, mara nne, nikazungusha, ikakohoa ikazima. Hapo nikafanya kosa ambalo ningependa kila mwanafunzi wa urubani alisikie kabla hajalifanya: nikaanza kusukuma throto, kitufe cha kuongeza nguvu za injini, mbele na nyuma, kama anayejaza upepo kwenye tairi.

Kabureta ya 172 za zamani iko chini ya injini. Kila ukisukuma throto, pampu ndogo iliyomo ndani yake hurusha petroli. Injini isipozunguka, petroli hiyo haina wa kuivuta juu. Hushuka na kutuama kwenye kasha la hewa. Injini ikitema moto kinyumenyume, hata mara moja, kasha linawaka. Nilisikia kishindo, kama mlango uliobamizwa na upepo, kisha nikamwona fundi aliyesimama mbele yetu akipunga mikono na kuonyesha chini ya pua ya ndege.

Nilishaachia ufunguo. Nilitaka kufungua mkanda nitoke. Mwalimu akanishika mkono akaurudisha kwenye stata: "Usiache! Endelea kuzungusha!"

Hili ndilo gumu kwa binadamu yeyote, maana mwili wote unakwambia kimbia. Lakini injini inapozunguka huvuta moto na petroli ile kuviingiza ndani ya silinda, mahali moto unapotakiwa kuwa. Yetu iliwaka. Tukaiacha kwenye mizunguko kama 1,700 kwa dakika chache, tukaizima, tukashuka kuikagua. Isingewaka, tungefungua throto yote, tungevuta kitufe chekundu cha mchanganyiko wa petroli na hewa ili kukata petroli, na kuendelea kuzungusha huku mtungi wa kuzimia moto ukiandaliwa. Kisha magneto zinazotoa cheche, swichi kuu ya umeme na petroli vyote vifungwe, na watu watoke. Hatua hizo zimo kwenye kitabu cha ndege. Zikariri mpaka mkono uzijue bila wewe kufikiri, kwa sababu siku hiyo hutafikiri.

Rangi chini ya pua ilikuwa imeungua, na kichujio cha hewa kimekuwa makaa. Mwalimu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulipofungua boneti ulinusa?" Sikuwa nimenusa. Nilikuwa nimechomoa kijiti cha oili, nikakifuta, nikakirudisha, nikafunga.

Tangu siku ile nafika mapema, na nikifungua kile kimlango kilicho juu ya boneti naingiza pua kwanza. Petroli mbichi ina harufu kali isiyojificha. Kisha tochi. Petroli ya ndege ya 100LL hutiwa rangi ya buluu, kwa hiyo ikivuja na kukauka huacha doa la buluu kwenye viungo vya mabomba. Doa hilo usilifute ukaenda zako, mwite fundi. Kwenye 172 nyingi za zamani, karibu na kijiti cha oili kuna kitufe cha kumwaga maji na uchafu kwenye kichujio cha petroli. Unakivuta kwa sekunde kama nne. Watu wengi hukivuta, wakaachia, wakaondoka. Wewe inama uangalie chini kama matone yamekoma kabisa, maana kisiporudi vizuri utaruka na petroli inayodondoka jirani na bomba la moshi.

Na ndege wenye manyoya! Kwa saa chache tu wanaweza kujaza nyasi kavu juu ya silinda. Usitosheke kuchungulia matundu ya mbele, angalia na nyuma ya injini. Ukiona majani mawili yamening'inia, omba boneti yote ifunguliwe. Ndege iliyotoka karakana nayo ikague zaidi, si kidogo: kitambaa kilichosahaulika, klempu isiyokazwa.

Moto wa injini ukitokea angani, kwenye toleo la 172S kitabu kinasema: mchanganyiko, petroli na swichi kuu vifungwe, hita ya ndani ifungwe ili moshi usipite, ushuke kwa kasi ya nodi 100, utafute pa kutua. Mimi hujisomea hayo kwa sauti kabla ya kila safari.

Mwaka jana nilikuwa niwapeleke wazazi wangu Ukunda, pwani kusini mwa Mombasa. Mizigo imeshapakiwa, Mama ameshafunga mkanda. Kwenye kiungo cha bomba linaloingia kabureta nikaona buluu, si kubwa kuliko ukucha.

"Sasa hatuendi?" Mama akauliza.

"Hatuendi, Mama."

Walipanda treni mchana huo, wakafika Mombasa usiku. Fundi alipofungua boneti, nati ya kile kiungo aliizungusha kwa vidole.