Viza imeisha, mchumba ni Mmarekani

Dada, unauliza kama mchumba wako raia anaweza kukutengenezea makaratasi ilhali viza yako ya utalii iliisha zamani. Anaweza, mkishafunga ndoa. Kinachoangaliwa kwanza ni uliingiaje. Kama ulipita uwanja wa ndege ukagongewa muhuri, mume raia anakuombea ukiwa humo humo Marekani, kwa fomu I-130 (ya kuthibitisha kuwa wewe ni mkewe) pamoja na I-485 (ya kuomba green card, yaani kadi ya ukaaji wa kudumu). Waliovuka mpaka kwa kificho kesi yao ni nyingine, ngumu. Ila usitoke nje kabla ya kupata kadi, hata kwa msiba nyumbani! Ukizidisha muda wako kwa mwaka kisha ukatoka, unafungiwa kurudi Marekani miaka 10. Na kuthibitisha ndoa ni ya kweli, picha za harusi pekee hazitoshi, mkataba wa nyumba wenye majina yenu wote una uzito zaidi. Muoneni wakili wa uhamiaji, siyo wale wajuaji wa mtaani.