Kuuza nyumba Tabora bila dalali

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuuza nyumba yako ya Isevya bila dalali na ni nini kinachoweza kukukwamisha. Unaweza, kwa kuwa sheria haikulazimishi kumtumia. Ugumu uko kwenye karatasi kuliko kwenye kumpata mnunuzi.

Kama ni nyumba ya familia, anza na ridhaa ya maandishi ya mwenza wako, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na nimeshuhudia mauzo yakivunjika siku ya malipo kwa kukosa saini hiyo moja. Kisha hakikisha jina lililo kwenye hati linafanana na la kitambulisho chako; kama bado ni la marehemu mzee, mirathi itangulie. Mkataba uandaliwe na wakili (hapo usibane matumizi), halafu uhamisho upelekwe ofisi ya ardhi pamoja na uthibitisho wa TRA (Mamlaka ya Mapato) kuhusu kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi ya faida uliyoipata kwa kuuza.

Kuhusu bei, usiipange kwa kukumbuka saruji uliyonunua. Nilipouza yangu kule Ipuli, mnunuzi hakuvitazama vigae vya sebuleni. Alipanda darini na tochi, akagonga kenchi moja baada ya nyingine akitafuta mchwa, akashuka na vumbi kichwani na kutaka nimpunguzie. Piga dawa mapema. Na malipo yapitie benki. Usikubali kuhesabiwa noti chini ya mwembe, hata kama mashahidi ni majirani zako.